Uzi, Timazi na Milimita Nne



Tangu mbio za Safari ziliporudi katika Mashindano ya Dunia mwaka 2021, huko Naivasha, nimekwisha kupata maswali mengi juu ya jambo moja. Watu huona katika picha fundi amepiga magoti kando ya gurudumu la motokaa ya mashindano, rula mkononi, na uzi mwembamba umevutwa toka mbele ya gari mpaka nyuma, mfano wa uzi wa mwashi anayejenga ukuta. Huuliza: Je, gari la thamani kubwa namna ile lapimwa kwa uzi? Naam, lapimwa kwa uzi. Siku hizi ziko mashine za mwanga zifanyazo kazi hiyo upesi, lakini katika mbio nyingi uzi haujatupwa, kwa sababu uzi uliovutwa sawasawa haudanganyi, hauhitaji umeme, na waenea mfukoni.

Ningaliweza kujibu kwa maneno hayo na kupita, lakini mwaka huu jambo lenyewe limenigusa, tena karibu limfukuzishe mtu kazi kwa mkono wangu mimi. Basi nawaomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu.

Chama chetu cha wakulima, hapa upande wa Khayega, kina pikapu moja ya kupelekea ndizi na mboga Kisumu, nami ndiye mwandishi wa chama. Tulinunua mipira minne mipya kwa fedha zilizochangwa na wanachama, na baadhi yao ni wajane wauzao mikungu miwili au mitatu kwa juma. Haikutimia miezi mitatu, mipira miwili ya mbele ikawa imelika hata nyuzi za ndani zikaanza kuchungulia. Mkutano ukaitwa. Mzee mmoja akasimama akasema mpira hauliki namna hiyo kwa safari za mchana peke yake. Bila shaka dereva anabeba mizigo yake usiku. Mwingine akasema ya kwamba mipira mipya iliuzwa na mikuukuu ikafungwa mahali pake. Dereva, kijana mpole asiye na maneno mengi, alijibu kwamba tangu siku ile ya kufungwa mipira usukani haukuwa mwepesi tena, gari linatangatanga katika lami yenye maji, na kwamba alikwisha kumwambia mwandishi.

Ni kweli, alikuwa ameniambia. Nami nilimjibu kwa methali, kwamba mchagua jembe si mkulima.

Mkutano ukaniagiza niandike barua ya kumwachisha kazi. Niliiandika jioni ile ile, ikabaki kupigwa muhuri tu. Asubuhi nilipita kwa mzee mmoja fundi, ambaye katika ujana wake alihudumia motokaa za mashindano, nikamwomba anipe cheti cha kusema kwamba mipira ile imechakazwa kwa kazi isiyo ya chama. Nilitaka barua yangu iwe na nguvu.

Hakuandika neno. Aliuliza mipira yenyewe i wapi. Tulipoifikia, aliweka kiganja juu ya uso wa mpira akapapasa toka upande wa nje kwenda ndani. Akarudisha mkono toka ndani kwenda nje. Akaniambia nifanye vile vile. Mkono ulipokwenda ndani mpira ulikuwa laini. Uliporudi nje ulikwaruza kama msumeno. Akanionyesha pia kwamba mipira ililika zaidi ukingo wa nje, yote miwili, na ile ya nyuma, inayobeba ndizi na kusukuma gari, haikuwa na kasoro. "Mpira ukikosa upepo hulika kingo zote mbili," akasema. "Upepo ukizidi, hulika katikati. Mizigo ya wizi ingalikula ya nyuma kwanza. Hii imekula mbele, upande mmoja, tena kwa meno. Hii si usiku, bwana mwandishi. Hii ni vipimo."

Hapo ndipo alipoanza kunisimulia mambo ya Safari, kwa maana kwake yeye ndiyo shule aliyosoma.

Mbio zile zilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikaitwa Coronation Safari mpaka mwaka 1960 zilipopewa jina la East African Safari. Siku hizo zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na njia ya Kampala ilipita huku kwetu magharibi. Mwendo wote, miaka ile ya sitini, ulikuwa karibu kilomita 5,000, sehemu kubwa murram na udongo mtupu, nazo zikafanywa majira ya Pasaka, wakati mvua za masika zinapoanza. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza, zikamaliza 7 tu; walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1968 zikamaliza 7 tena, na washindi wakawa wale wale wawili, katika gari la namna ile ile.

Watu hudhani mbio kama hizo hushindwa au kushindikana kwa mwendo wa kasi. Mzee wangu akasema hapana, magari mengi yalikufa taratibu. Gari lagonga jiwe katika kivuko cha mto. Halivunjiki, lapinda kidogo tu fito ya usukani, na dereva anaendelea kwa kuwa hakuona kitu. Baada ya kilomita mia tatu mipira imekwisha, usukani unamchosha mikono, na katika tope gari linakwenda linakotaka. Kwa hiyo fundi aliyekuwa akingoja kando ya njia hakuangalia injini tu. Alitazama magurudumu yanasimamaje. Hata leo, dereva wa Mashindano ya Dunia na msomaji wake wa njia, wakipatwa na jambo katikati ya njia mbali na mafundi wao, hawana budi kutengeneza wenyewe kwa vyombo walivyobeba garini.

Marehemu Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa sifa. Alijifunza kazi katika gereji ya baba yake. Alishinda Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer. Lakini sifa ambayo mafundi huitaja kwanza ni nyingine: katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19.

Sasa nije kwenye vipimo vyenyewe. Viko vitatu, na majina haya nimeyapa mimi ili tuelewane: mwinamo, mwegemo na mwelekeo.

Mwinamo ni gurudumu kulala ndani au nje likitazamwa toka mbele. Mafundi wetu hulitaja kwa jina la Kiingereza linalosikika masikioni mwetu kama "kamba", nami nimeona mwanafunzi mmoja wa ufundi akienda kutafuta kamba kweli. Ndiyo sababu katika habari hii nasema uzi, siyo kamba. Kipimo chake ni timazi ya mwashi. Itundike kando ya gurudumu, upime toka uzi wa timazi mpaka ukingo wa rimu juu, kisha chini. Kwa rimu yenye upana wa sentimita 40, tofauti ya milimita 7 ni sawa na digrii moja. Motokaa za mashindano ya lami huinamishwa ndani juu, pengine digrii 3 au zaidi, ili gari linapolala katika kona mpira wa upande wa nje ukae bapa juu ya njia. Za njia mbaya huinamishwa kidogo tu.

Mwegemo ni rahisi kuufahamu kwa baiskeli. Uma wa mbele wa baiskeli haukusimama wima, umeegemea nyuma, na kwa sababu hiyo vijana huweza kuendesha bila kushika usukani. Gari nalo lina mwegemo wake, ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona. Kuupima, hugeuzwa gurudumu digrii 20 upande mmoja, mwinamo ukapimwa, kisha digrii 20 upande wa pili; tofauti ya vipimo viwili ikizidishwa kwa moja na nusu ndiyo karibu mwegemo wenyewe. Katika magari yetu ya kawaida kipimo hiki hakiharibiki ila kitu kimepinda.

Mwelekeo ndio ulao mipira. Simama, utazame miguu yako. Vidole vikielekeana, ndivyo magurudumu yalivyo yakielekea ndani. Vikiachana, ni nje. Dereva wa mbio za lami mara nyingi hutaka ya mbele yaelekee nje kidogo sana, gari liingie kona upesi, na hukubali kwamba katika njia iliyonyooka halitatulia. Kwa dereva wa ndizi kutulia ni bora, kwa hiyo ya kwake huelekezwa ndani, lakini kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kitabu cha pikapu yetu chataka kila gurudumu lisizidi milimita 1.

Mzee alikataa kupima njiani. Tulipeleka gari kwenye ghala la chama, lenye sakafu ya saruji, akahakikisha usawa wa sakafu kwa mpira mwembamba wa maji wanaotumia waashi. Akajaza upepo kila mpira kwa kipimo chake. Kisha akauliza dereva ana uzito gani, kwa maana gari la mashindano hupimwa likiwa na uzito wa watu wake ndani. Tukaweka gunia la mahindi la kilo 90 katika kiti. Dereva wetu ni mwembamba, tukapunguza debe moja.

Halafu, kabla ya uzi wowote, alipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo imara, akatikisa kila gurudumu la mbele: kwanza kwa kushika kushoto na kulia, kisha juu na chini. Likicheza kushoto na kulia, viungo vya usukani vimekwisha. Likicheza juu na chini, ni beringi au viungo vikubwa. Gari lenye viungo vilivyolegea halipimwi, kwa maana kila mara utapata kipimo kingine. Vyetu vilikuwa vizima, tena vipya. Hilo lilimfanya anitazame. "Hivi vilifungwa lini?" Nikamwambia, siku ile ile ya mipira, katika gereji moja tuliyoelekezwa. Akatikisa kichwa, akaendelea.

Gari liliposhushwa, lilisukumwa mbele mita chache ili springi zikae mahali pake, wala halikurudishwa nyuma. Usukani ukafungwa katikati. Chini ya kila gurudumu la mbele akaweka vipande viwili vya bati laini vyenye grisi katikati yao, gurudumu liweze kugeuka bila kukwama sakafuni. Ndipo akavuta nyuzi mbili, moja kila upande, toka debe lenye mawe mbele mpaka debe jingine nyuma, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu.

Hapa wengi hukosea, hata mafundi wazoefu. Huegemeza uzi juu ya mpira wa nyuma na kudhani umenyooka. Lakini magari mengi upana wake wa mbele si sawa na wa nyuma, na uzi ulioegemezwa hivyo huenda mshazari toka mwanzo. Mzee alisogeza nyuzi zake polepole mpaka umbali kati ya uzi na uzi ukawa mmoja mbele na nyuma. Na umbali toka uzi mpaka kitovu cha mbele ukawa sawa kushoto na kulia. Na kadhalika vitovu vya nyuma. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nimechoka. Dereva hakuondoka hata mara moja.

Alipima pia toka kitovu cha mbele mpaka cha nyuma kila upande, ili ajue kama ekseli ya nyuma imekaa sawa. Sote tumeyaona malori yaendayo ubavu kama kaa, mbele yako huku na nyuma yako kule. Mara nyingi ni bolti ya katikati ya springi iliyokatika, ekseli ikasogea. Yetu ilikuwa sawa.

Ndipo akashika rula. Alipima toka uzi mpaka ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Akatia alama ya chaki, tukasogeza gari mpaka gurudumu likazunguka nusu, tukapanga nyuzi upya, akapima tena, kwa sababu rimu iliyopinda kidogo huweza kudanganya. Kipimo cha kweli ni kilicho kati ya viwili hivyo. Gurudumu la kushoto: ukingo wa mbele ulikuwa mbali na uzi kwa milimita 4 zaidi ya wa nyuma. La kulia: milimita 4.

Nilicheka. Milimita nne ni unene wa punje ya muhindi! Mzee akaniambia, wewe ni mwandishi, chukua kalamu. Milimita 4 katika sentimita 40 ni ngapi? Nikasema, moja katika mia. "Basi," akasema, "gari likienda mita mia, kila gurudumu linataka kwenda ndani mita moja, na haliwezi, maana mwenzake analivuta. Kwa hiyo linaburutwa. Kila kilomita, mita kumi. Gari hili limekwenda kilomita ngapi tangu mipira ifungwe?"

Nilikuwa nimeandika mwenyewe katika daftari la safari. Zilikuwa safari 50 za Kisumu, kwenda na kurudi, karibu kilomita 100 kila moja, yaani kilomita 5,000, mwendo wa Safari nzima ya zamani. Na mita 10 kwa kila kilomita, mara 5,000, ni kilomita 50. Mipira yetu ilikuwa imeburutwa ubavu toka Kisumu mpaka Kakamega. Nilirudia hesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea.

Sababu yake ilikuwa ndogo. Mwisho mpya wa tairodi, ile fito iunganishayo usukani na gurudumu, hufungwa kwa kuzungushwa katika meno ya skrubu. Fundi mwangalifu huhesabu mizunguko anapofungua cha zamani, akafunga kipya kwa hesabu hiyo, na hata hivyo hupima. Katika pikapu yetu mzunguko mmoja hubadili mwelekeo kwa milimita 4 hivi. Aliyefunga alikosa mzunguko mmoja kila upande, na kwa kuwa alikosa sawasawa pande zote mbili, usukani ulibaki umenyooka na hapana aliyeshuku kitu, isipokuwa yule aliyekuwa akiushika kila siku.

Kurekebisha kulikuwa kazi ya nusu saa. Mwinamo na mwegemo vilikuwa vizuri. Kama visingekuwa, ndivyo vingaliguswa kwanza, kwa maana ukivibadili mwelekeo nao hubadilika, kwa hiyo huo ni wa mwisho daima. Mzee akalegeza nati za kufungia, akazungusha kila tairodi robo tatu ya mzunguko, kushoto na kulia kwa kiasi kile kile, ili usukani usipinde. Gari likasukumwa, likapimwa tena: milimita 1 na milimita 1. Akakaza nati, akapima mara ya tatu, kwa sababu kukaza nako huweza kusogeza.

Nilimlipa, nikaiomba karatasi yenye vipimo. Mkutano ulipokaa Jumamosi, niliisoma yote, na hesabu ya kilomita 50, na habari ya kwamba dereva alinionya mapema nami nikamjibu kwa methali. Kukawa kimya. Yule mzee aliyesema juu ya safari za usiku alitaka kuona kwa mkono wake. Tulitoka nje, akapapasa mpira mkuukuu kwenda ndani, akapapasa kwenda nje, akarudi kukaa bila kusema neno. Fedha za mipira miwili mingine tulizitoa katika akiba ya mbegu, na mwaka huu mbolea tutanunua pungufu.

Barua ya kumwachisha kazi ingali katika jalada, haina muhuri. Dereva hakudai fidia, wala hakutaka nimwombe radhi mbele ya watu, ingawa nilimwomba. Aliomba jambo moja, kwamba vipimo viandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe aliyoniambia mara ya kwanza kwamba usukani umekuwa mzito. Nimeviandika, na tarehe ile pia.